Watu wa Huko Husemaje?

9 Februari

Kaka yangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie kabla baridi ya huko haijakumaliza. Sisi tu wazima. Mimi sijambo, ila macho yananiwasha kwa kusoma herufi ndogo kutwa nzima. Mama naye yupo, magoti tu ndiyo yanayomsumbua, na sare za shule zimemjaa mpaka mlangoni. Ukiingia unamkuta kwenye cherehani amezungukwa na kola za watoto wa watu. Jirani wa juu amepata mjukuu, na paa la jikoni tuliliziba.

Mama hakusalimu. Ningeandika kwamba anakusalimu ningekuwa nimedanganya, nawe unajua mimi kudanganya kwa maandishi siwezi. Jana nilipokaa kuandika nilimwuliza, "Nimwambieje kaka?" Akanijibu pini zikiwa mdomoni: "Huyo bwana mkubwa wa ng'ambo? Mwambie barua ni za serikali. Mimi mwanangu nilimzaa na mdomo. Siku nitakayoisikia sauti yake ndiyo siku atakayopata salamu zangu."

Tangu Desemba yuko hivyo. Sababu yote haniambii, lakini naona wazi ni zaidi ya simu. Kila mwisho wa mwezi ulikuwa ukipiga pale duka la dawa, mwenye duka anagonga ukuta kwa mpini wa ufagio, mama anatoka mbio na futi ya kupimia shingoni. Siku hizi mwenye duka akimwona mama anajifanya anapanga chupa. Tafadhali piga, hata mara moja. Naogopa hasira hii isije ikapoa ikawa mazoea, maana hasira ya mama mimi naiweza, mazoea yake siyawezi.

Sasa nije kwenye langu. Nimepata kazi, kwa majaribio mpaka mwisho wa Juni, katika nyumba moja ya uchapishaji. Nasahihisha prufu, yaani kurasa za majaribio, za vitabu vya shule, vyote vya Kiingereza. Tunafanya kazi wawili wawili, meza zimegusana uso kwa uso. Mwenzangu ni mama mtu mzima tunayemwita Mama Nukta. Yeye anashika mswada wa mwandishi na kuusoma kwa sauti, mimi nafuata kwa kalamu kwenye karatasi iliyopigwa chapa. Kiingereza anakisoma polepole, lakini alama zote anazitaja kwa Kiswahili: koma, nukta, aya mpya. Ni kama mtu anayetembea mguu mmoja kiatu, mguu mmoja kandambili. Wiki ya kwanza nilicheka mpaka nikatoka nje.

Sasa sicheki. Nimegundua kwamba neno likikosekana, jicho haliambulii kitu. Jicho lina uvivu, linajaza pengo lenyewe kimyakimya na kupita. Sikio ndilo linaloshtuka. Mama Nukta anasoma, mimi nainua kalamu kabla sijajua nimeinulia nini.

Ila kuna sheria. Kosa likiwa la mpiga chapa, tunalisahihisha. Likiwa neno ambalo mwandishi mwenyewe hakuliandika, haturuhusiwi kulitia, hata kama mtoto wa darasa la tatu angelijua. Inabidi tumwandikie pambizoni, kwa Kiingereza, alitie kwa mkono wake mwenyewe. Nami nikamwandikia Profesa mmoja wa jiografia: "You forgot a word here." Yaani umesahau neno hapa. Kuna ubaya gani? Prufu zikarudi na wino mwekundu chini ya maneno yangu: "I do not forget." Yeye huwa hasahau.

Mkuu wa kitengo akaniita.

"Binti, Kiingereza chako hakina kosa."

"Ahsante, mzee."

"Usinishukuru. Hakina kosa, lakini hakina adabu."

"Adabu ya Kiingereza inakaa wapi, mzee?"

Akafikiri. "Sijui inakaa wapi. Lakini ikikosekana kila mtu anaona."

Nikirudiwa na wino mwekundu mara mbili tena, kazi sina. Kamusi nimezifungua, hazisemi. Shuleni tulifundishwa kufaulu mitihani, kumwambia mtu mzima kwamba ameacha neno hatukufundishwa. Wewe unaishi ndani ya Kiingereza, unaamka nacho. Niambie basi, watu wa huko husemaje?

Mdogo wako mwenye kiherehere.


6 Machi

Kwako mdogo wangu Wembe,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembe moja, nami nimeikausha juu ya bomba la joto mpaka ikajikunja kama samosa. Nimefurahi kwa ajili ya kazi. Mimi mzima. Kiwandani bado tunatengeneza springi za magodoro, maelfu ya watu wanalala juu ya jasho langu bila kunijua. Theluji imeanza kuwa tope. Mpe hongera bibi mpya wa juu.

Swali lako limenichangamsha kuliko chochote tangu mwaka uanze. Nikaandika sentensi moja yenye pengo kwenye karatasi, nikaanza kuizungusha kwa watu kama mchango wa harusi.

Wa kwanza ni msimamizi wetu, jitu lenye mabega kama kabati. Wakati wa chai nilimpa karatasi na kalamu. Akaandika juu ya kifuniko cha boksi: "You missed a word." Ni kama kumwambia mtu aliyefagia kwamba kona ile bado. Hakuna matusi, lakini ufagio umerudishiwa mkononi. Wao kwa wao wanaandikiana hivyo, mtu na mwenzake. Kwa Profesa wako usijaribu.

Wa pili ni mwenye nyumba wangu, mwalimu mstaafu. Karatasi niliisukuma chini ya mlango wake asubuhi, jioni nikaikuta chini ya mlango wangu: "I think there may be a word missing here." Hebu itazame vizuri. Anadhani tu. Halafu huenda. Halafu neno lenyewe ndilo halipo. Halikusahauliwa na mtu, limepotea tu kama ufunguo unavyopotea nyumbani, na hakuna aliyeupoteza! Nimeipenda sana. Katika nyumba yetu, kitu kikipotea mama alikuwa anamjua mwizi kabla hajajua kilichopotea.

Wa tatu, karani wa mishahara, hakupoteza wino. Alichora mshale kwenye pengo na alama ya kuuliza. Huyo angefukuzwa kwenu siku ya kwanza.

Kwa hiyo shika ya mwenye nyumba. Jambo moja tu: usilitukane jicho. Jicho likipewa kazi linafanya ya wawili.

Kuhusu simu, nitaona.

Kakako.


22 Machi

Kaka,

Tunashukuru tumeamka. Mama amekamilisha sare, sasa anashona mapazia ya ofisi fulani, marefu kiasi kwamba anayapitisha dirishani na mimi nayashika upande wa pili wa barabara. Mjukuu wa juu analia kwa zamu na paka. Mimi ni mzima lakini sina amani.

Umeandika "nitaona". Mimi nasoma kwa mshahara, kaka. Neno hilo halikujibu kitu. Mwenye duka la dawa alimwuliza mama, "Kijana wetu vipi?" Mama akamwambia, "Muulize mtu wa posta, ndiye anayeongea naye." Watu walikuwepo. Alicheka yeye mwenyewe baada ya kusema.

Maneno ya mwenye nyumba wako niliyatumia. Nilipata pengo jingine kwenye sura ya mito, nikaandika kama alivyoandika, herufi kwa herufi. Profesa akajibu: "You think?" Unadhani? Nyekundu.

Nikampelekea Mama Nukta. Akavaa miwani, akaisoma kwa sauti mara tatu, kila mara kwa namna yake. Ya kwanza ilikuwa ya upole. Ya pili ikawa ya hakimu anayemwambia mwizi, "Nadhani ulikuwepo pale." Ya tatu ilinifanya nitake kuomba radhi kwa makosa ya ukoo mzima. Akavua miwani. "Umeona? Maneno ni yale yale. Kiingereza kiko kwenye mlio. Profesa wako ameisikia ya pili." Nikamwambia karatasi haina mlio. Akasema, "Karatasi yoyote ina mlio, mwanangu. Tatizo anauchagua msomaji."

Tangu hapo silali vizuri kwa kuwaza. Kama ni kweli, basi kuna namna ya kuandika ambayo haimwachii msomaji nafasi ya kuchagua mlio mbaya, na ili niipate lazima kwanza nijue mlio ule mzuri wenyewe ukoje. Nisaidie. Mwombe mwenye nyumba aseme ile sentensi kwa mdomo wake, nawe sikiliza. Sauti inapanda mwishoni au inashuka? Anavuta neno lipi? Uzito anauweka kwenye "think" au kwenye "may"? Halafu niandikie kama ulivyoisikia. Wewe ndiye uliyekuwa ukituigizia sauti za majirani wote mpaka mama anakimbilia mlangoni kumfungulia mgeni asiyekuwepo. Kazi hii kwako ni ndogo.

Na upige simu.

Mdogo wako.


19 Mei

Wembe,

Uniwie radhi kwa kuchelewa. Kazi, halafu mafua, halafu kazi. Natumaini magoti ya mama yamepata nafuu, na mapazia ya watu yamefika madirishani mwao. Huku miti imevaa majani yote kwa wiki moja, kama watu waliochelewa shughuli. Nimehamishiwa kwenye kufunga magodoro kwenye plastiki, ni kazi safi.

Nilimwomba mwenye nyumba kama ulivyotaka. Tulisimama kwenye ngazi. Alipofika kwenye "think" nyusi zilipanda, zikabaki juu mpaka mwisho, kidevu kikaingia ndani kidogo kama mtu anayepisha mwenzake mlangoni. Kiganja kilifunguka. Kisha akatabasamu kabla hajamaliza, si baada. Nadhani hilo la kutabasamu mapema ndilo lenyewe. Yule wa mabega kama kabati, yeye nyusi hazina kazi. Hutupa kichwa upande, basi, ndiyo sentensi nzima.

Nilipoona nyusi hazipigiki chapa, nikaenda maktaba ya mtaani. Pale kuna mama mwembamba anayepanga kadi za vitabu. Nilimpa karatasi yangu, ambayo sasa imechakaa kama noti. Aliitazama muda mrefu, akageuza kadi moja upande mtupu na kuandika: "Is something missing here, or have I misread?"

Wembe, huyu ndiye fundi. Kuna kitu kinakosekana hapa, au ni mimi niliyesoma vibaya? Ameufungua mlango, halafu yeye mwenyewe akaenda kusimama upande wa kosa, ili wewe ukipita usijigonge. Mtu akiulizwa hivyo, hata kama ni Profesa, anabaki na heshima zake zote mkononi na kazi moja tu ya kufanya, nayo ni kusema kweli.

Ijaribu. Kadi yenyewe nimekufungia humu.

Mama akiniulizia, mwambie niko salama. Asiponiulizia, mwambie vilevile.

Kakako.


2 Juni

Kaka yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Sisi wazima. Jirani wa juu amemrudisha mjukuu kwa wazazi wake, nyumba imepoa, na mama anasema kimya hiki kinamuumiza kichwa kuliko kile kilio. Magoti ni yaleyale.

Sentensi ya mama wa maktaba imefanya kazi. Niliiandika kwenye ukurasa ambao Profesa alikuwa ameacha neno katikati ya maelezo ya upepo. Prufu ziliporudi nilizifungua nikiwa nimesimama. Neno lilikuwa limetiwa. Pembeni, kwa penseli, si wino, ameandika: "You have not misread." Hukusoma vibaya. Mama Nukta aliisoma kwa sauti, na nukta yake, halafu akaniongezea sukari kwenye chai bila kuniuliza. Mkuu wa kitengo bado hajasema kama nabaki, lakini jana alinisalimia kwanza.

Sasa nakuomba ukae chini.

Nilitaka kukushukuru kwa kukunukuu, kwa hiyo nilizitoa barua zako za mwaka huu nikazisoma kwa sauti, kama tunavyofanya kazini. Katikati kalamu ikainuka. Sikujua imeinukia nini. Nikarudia. Sentensi ni nzima, hakuna neno lililoanguka. Nikarudia tena, polepole, na mara hiyo nikasikia.

Katika barua zako hakuna anayesema.

Msimamizi aliandika kwenye boksi. Mwenye nyumba alisukuma karatasi chini ya mlango, na anakaa ngazi chache tu kutoka kwako. Karani alichora. Mama wa maktaba aliandika kwenye kadi. Mafua yamekupata bila kikohozi, theluji imeyeyuka bila kudondoka. Nikachukua barua zako za mwaka juzi. Ah, kaka! Humo mashine zinapiga mayowe, lori linapiga honi, mwenye nyumba anaimba bafuni, na wewe unamwigiza mpaka kwenye karatasi. Nikakaa na marundo mawili mbele yangu, la kelele na la kimya, nikajaribu kutafuta siku yalipotengana.

Halafu nikakumbuka. Nilikuuliza sauti inapanda au inashuka. Ukanijibu nyusi zilipanda.

Mama sijamwambia kitu. Nimejiandikia majibu mengi kwa niaba yako nikayachana yote, kwa sababu kutia neno ambalo mwandishi hakuliandika si ruhusa yangu. Kwa hiyo nakuuliza tu, na pambizo nimekuachia pana upande wa kushoto, ukitaka ujibu humohumo: kuna kitu kinakosekana hapa, au ni mimi niliyesoma vibaya?

Mdogo wako.


15 Juni

Wembe,

Hukusoma vibaya.

Sikio la kulia limefungwa kabisa. La kushoto linapata vishindo tu: mlango ukibamizwa, lori likipita. Maneno hayapiti. Daktari aliniandikia kwamba ni zile mashine, na homa niliyougua mwaka jana ilimalizia. Kuna kifaa cha kuvaa, kimenipa kelele nyingi zaidi na maneno yaleyale sifuri. Wamenitoa kwenye mashine, ndiyo maana nafunga plastiki. Hawakunifukuza. Watu wema. Msimamizi ndiye aliyekuja na kalamu siku ya kwanza, akaitundika kwa kamba kwenye nguzo yangu.

Sijakudanganya hata sentensi moja, ukizirudia utaona. Niliacha tu. Nilidhani kuacha ni rahisi, kumbe pengo lina umbo lake.

Sikuhuzunika muda wote, usinililie. Kuna mambo ya kushangaza ambayo sina wa kumwambia. Unajua watu hufumba macho wanapodanganya kidogo? Unajua mtu akisema jina la anayempenda midomo hukawia kufunga? Nimekuwa na shule yangu ya usoni. Swali lako la Kiingereza lilinipa ruhusa ya kumsogelea kila mtu na karatasi bila haya, na kwa mara ya kwanza mimi ndiye niliyekuwa naendesha mazungumzo. Ulinisaidia bila kujua.

Kinachoniuma ni mama. Siku ile ya mwisho kupiga simu, sauti yake ilinijia kama ya mtu anayeongea ndani ya blanketi. Niliona aibu kusema "sikusikii, mama", maana angesema kwa nguvu zaidi na mwenye duka angesikia yote. Nikawa naitikia. Ndiyo, mama. Ndiyo. Ndiyo kabisa. Nilidhani ndiyo haina hatari. Mpaka leo sijui nilikubali nini. Nikiwa natembea huwa najiuliza: aliniuliza nini siku ile? Ameoza meno, anataka niyalipie? Nimekubali kuoa? Najua tu kwamba baada ya hapo hasira yake ilianza, kwa hiyo lilikuwa jambo.

Kumwambia siwezi. Nikiwaza uso wake nashindwa hata kuanza na "Mama mpenzi". Atalia, atajilaumu, atauza cherehani aje kunichukua. Nyumbani nilikuwa yule wa sauti zote. Nitaingia mlangoni niwe nani? Watu watanipigia kelele usoni kama mzee aliyepotea stendi. Fanya unavyoona. Wewe ndiye unayejua namna ya kumwonyesha mtu pengo.

Kakako.


9 Julai

Kaka,

Mama anakusalimu. Anakusalimu sana, na amesema niliandike hilo mwanzo kabisa, kabla ya habari ya mtu yeyote.

Ilikuwa hivi. Nilibeba barua yako kwenye mkoba siku kadhaa. Nilikuwa nimepanga maneno, nimeyapima, nimeyageuza, na kila niliporudi nyumbani nilimkuta mama anaongea na mtu au anakata kitambaa. Jumamosi nikamshikia mapazia. Nilikuwa nje barabarani, yeye ndani, kitambaa katikati yetu. Nikamwuliza kupitia dirishani, "Mama, ile mara ya mwisho ulimwuliza nini kaka kwenye simu?"

Akajibu cherehani ikiendelea. "Nilimwuliza kama atakuja mwisho wa mwaka."

"Akasema?"

"Akasema ndiyo. Nikamwambia nitamtandikia kile chumba cha mbele. Ndiyo. Nikamwambia usiniambie uongo, maana nitawaambia watu. Ndiyo kabisa, mama. Nikawaambia watu." Cherehani ikasimama. "Niliosha mpaka kuta. Mwenye duka la dawa akanipa balbu bure. Sikukuhadithia kwa sababu ulikuwa umekwenda kwa mitihani yako, na uliporudi nilishakunja mashuka."

Basi, ndilo ulilokubali.

Maneno yangu yote niliyopima yalinitoka kichwani. Nikaingia ndani na pazia la watu mkononi likiburuta vumbi, nikamwambia, "Mama, hakukusikia." Akasema najua hakunisikia, watoto wa siku hizi hawasikii. Nikamwambia hapana. Nikashika masikio yangu yote mawili.

Kaka, hukukosea, alilia. Lakini si sana, na hapo katikati akaanza kuuliza. Unamjua. Yeye mwenyewe anajisikia akiongea? Akiota, anasikia ndotoni? Nani anamwamsha kwenda kazini? Nikwambie ukweli, maswali yake mengi mimi sikuyawaza, na ninataka majibu yake pia. Halafu akafuta uso kwa pindo la pazia la watu na kusema, "Kwa hiyo hakuwa ananikimbia." Alilirudia hilo akiwa anatafuta miwani yake, na jikoni nikamsikia analisema tena peke yake.

Kazini wameniajiri. Nakuambia hapa kwa haraka kwa sababu mama amekaa mbele yangu sasa hivi, ameziba mlango kwa kiti, na anasema zamu yake imefika. Nimemwambia nitaandika anavyosema, bila kusahihisha.

Mwanangu. Kwanza, mjinga wewe. Umeandika? Soma nione. Vizuri. Mjinga, mwaka mzima umekaa na hilo peke yako kama yai. Pili, nani anakupikia? Tatu, mimi siuzi cherehani kwa ajili ya mtu, nina wateja. Njoo wewe. Dada yako anasema unaogopa watu watakupigia kelele usoni. Nani? Jirani wa juu? Nitamwambia mimi. Mwenye duka la dawa nimeshamwambia, na amenitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu Desemba. Kalamu zipo humu ndani, huyu mdogo wako anazileta kutoka kazini. Usilete zawadi. Anasema unasoma watu usoni, basi kuna fundi mmoja wa bomba nataka umtazame, namshuku. Unacheka nini wewe, andika. Mwambie aje Desemba hii, na safari hii aandike ndiyo kwa mkono wake, niione. Mwambie asihangaike na masikio. Hapa tuko wawili, tuna manne. Kusikia tutamsikilizia sisi.

Nimemsomea yote kwa sauti, pamoja na nukta. Akafikiri, akasema, "Hapo kwenye mjinga, acha hivyohivyo. Gundi stempu."